Ijumaa Yenu au Ijumaa Yetu

Simu ilipolia nilikuwa nachambua mchele, na kwa kuwa macho yangu hayasomi tena majina kwenye kioo, mjukuu wangu Athumani aliipokea akaniwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya Daudi, mtoto wa Yona, akiniita Bibi Jumatano. Jina hilo alikuwa akinitania nalo babake peke yake, na kulisikia kwa mtoto nikajua hapo hapo kwamba hii si simu ya salamu. "Bibi Jumatano," alisema, "Mzee ametutoka. Usiku wa Ijumaa." Nikasema inna lillahi, nikampa pole, nikamuuliza kama marehemu aliumwa sana, naye akaniambia la, alikwenda kwa utulivu, uji wake ameumaliza. Kisha swali likanitoka kabla sijalizuia: "Ijumaa gani, mwanangu? Yenu au yetu?" Upande wa pili nikasikia jambo ambalo sikulitarajia katika simu ya msiba. Daudi alikuwa anacheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, ndipo akanijibu. Jibu lake nitalisema baadaye, maana bila habari za mwaka ule halina ladha.

Athumani alinikodolea macho. "Bibi, mtu kafiwa na babake, nawe wamuuliza Ijumaa gani?" Kijana huyu anasoma chuo kikuu, na tangu likizo hii ianze ana neno lake jipya analipenda kuliko wali: kila mtu ana ukweli wake. Nikimwambia ameacha mlango wazi kuku wakaingia, kila mtu ana ukweli wake. Nikimwambia sahani hii hukuiosha, mafuta haya hapa, ananijibu kwamba inategemea unaitazama kutoka wapi. Nilimwambia aketi, avute lile sinia la mchele upande wake, achambue huku akisikiliza, kwa sababu mimi niliwahi kukaribia kukosa mume, yeye kukaribia kukosa babu, kwa ajili ya watu wawili wakweli walioapa maneno mawili yasiyokaa pamoja. Alivuta sinia. Kuchambua hajui, lakini alivuta.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa kuolewa, nikikaa Kinondo kwa mjomba wangu, Mwalimu Bakari. Nilifikaje kwake ni habari ndefu isiyo na kazi hapa. Kwetu sisi Wadigo mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake, na hilo latosha. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, ukumbi umekatiza katikati kutoka mlango wa mbele hadi uwanja wa nyuma. Mbele kulikuwa na baraza ya wanaume, nyuma jiko letu wanawake, na chumba changu kilikuwa kile kinachopakana na baraza. Kuta zake hazikufika juu kwenye makuti. Ziliishia urefu wa mtu na nusu hivi, ili hewa ipite, na pamoja na hewa yalipita maneno yote ya baraza. Nililala na kuamka nikisikia mambo ya watu: nani kauza shamba, nani kaacha mke, imamu gani asoma mbio. Mkaza mjomba wangu, Bi Riziki, alikuwa na shughuli nyingi sana chumbani mwangu kila wageni walipokuja. Alikuja kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Yapasa nieleze vizuri habari za mjomba, maana yeye ndiye aliyekuwa mzani wa mambo yote. Alifundisha chuo, watoto wa nusu ya Kinondo walisoma Qurani kwake, na alikuwa mtu mpole, mcheshi, mpenda kula. Angeweza kukusamehe kuvunja chungu, kuchelewa, hata kumjibu. Uongo hakuusamehe. Mnunuzi mmoja wa nazi alimwambia asubuhi, "Nakuja sasa hivi, Mwalimu," akatokea baada ya adhuhuri, na mjomba akakataa kumwuzia. Yule mtu alisimama uwanjani ameshangaa na magunia yake, akisema kwamba "sasa hivi" ni maneno tu. "Basi na nazi zangu ni maneno tu," mjomba akamjibu, akaingia ndani. Bi Riziki alicheka hadi akakaa chini. Kwa mume wangu, aliniambia, neno likishatoka mdomoni huwa ni kitu, kama kinu au jembe, laweza kushikwa mkononi. Nilimpenda mjomba kwa hilo, wala sikujua kwamba hilo hilo litakuja kunichoma.

Mchumba wangu aliitwa Salimu. Alikuwa seremala Msambweni, kwao hasa Bodo, kijana mrefu mwenye mazungumzo machache. Nilimwona mara ya kwanza alipoletwa kutengeneza mlango wa chuo, na sikumwona uso, nilimwona mikono. Alishika mbao kwa namna ambayo ilinifanya nisahau kitoweo kikaungua. Posa ilipokuja na kukubaliwa, kwao walileta mambo ya desturi, kanga na pete na halua, lakini yeye mwenyewe alileta kitu kingine, mbuzi ya kukunia nazi aliyoichonga kwa mkono wake. Ilikuwa na kiti kipana kilichochimbwa kidogo, na huku na huku alikuwa amechora majani madogo ambayo yangefichwa na kanga yangu nikishakaa. Bi Riziki aliikagua, akaikalia, akainuka. "Huyu kijana," akasema, "amefikiria mambo mengi kuliko yampasayo." Nikaona haya nikakimbilia kisimani. Tangu siku hiyo sikukuna nazi kwa kitu kingine, na nazi zilikuwa hazinitoshi.

Sasa aingie Yona. Yona alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, Mkristo, kijana aliyelelewa shule ya misheni na sasa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja ufukweni Diani. Alikuja kwetu mara kwa mara, kwa sababu Mzungu wake alipenda mkate wa kumimina wa Bi Riziki, na kwa sababu yeye mwenyewe alipenda baraza ya mjomba. Walizungumza kama watu waliozaliwa nyumba moja. Mjomba alimpenda kwa sababu ile ile ya nazi, kwamba Yona hakujua kusema uongo hata wa adabu. Bi Riziki akimuuliza mkate wa juzi ulikuwaje, majirani wote wangesema mashallah, lakini Yona alifikiri kidogo, akasema, "Mama, ule wa juzi haukuumuka vizuri." Bi Riziki alimnunia kutwa nzima. Kisha alikagua hamira yake akaona ni kweli imeharibika.

Jumapili moja Yona alikuja baada ya kutoonekana kwa muda. Nilikuwa chumbani mwangu, na Bi Riziki, kama kawaida, alikuwa anakunja nguo. Nikasikia salamu, nikasikia vikombe, kisha Yona akasema kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote, "Mzee, mkwe wenu yule seremala, kumbe ajua kucheza! Nilimwona Ukunda, kwenye ile harusi kubwa, usiku wa Ijumaa. Alicheza ngoma ya sengenya mpaka kofia ikaanguka." Mimi nilitabasamu kule ndani. Nilimwona Salimu akilini mwangu akicheza, nikapenda. Lakini Bi Riziki akaacha kukunja.

"Usiku wa Ijumaa?" mjomba akauliza.

"Usiku wa Ijumaa, mzee. Kama nikuonavyo wewe sasa."

"Ijumaa ile ya harusi ya Ukunda?"

"Ile ile. Baada ya chakula cha jioni cha Mzungu, nilipomaliza vyombo."

Hapo ndipo nami nilipokumbuka. Usiku wa Ijumaa ile Salimu alikuwa amealikwa kwetu, kusoma Yasini na mjomba, naye alikuwa ametuma radhi mapema: hawezi kufika, usiku huo ni hitima ya arubaini ya bibi yake kule Bodo. Mjomba alimsifu mbele ya watu kwa hilo. Alisema kijana anayejua haki ya wafu atajua na haki ya mke. Na sasa Yona, asiyesema uongo, anamweka Ukunda kwenye ngoma, usiku huo huo, na kofia chini. Bodo na Ukunda ni pande mbili, moja huku na moja kule, mtu hawezi kuwa kote. Kucheza ngoma tu, mjomba angevumilia. Yeye mwenyewe, nasikia, alikuwa bingwa ujanani. Lakini kijana anayemsingizia marehemu bibi yake hitima ili akacheze ngoma, huyo hakuwa mtu wa kupewa mpwa wake.

Salimu aliitwa. Alikuja na mjomba wake, mzee mtulivu wa Bodo, wakakaribishwa kahawa ambayo hakuna aliyeinywa. Yona naye aliitwa. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta wangu, nimekalia kitanda cha kamba bila kuthubutu kujinyoosha. Mjomba hakupandisha sauti. Alimwambia Yona aseme alichokiona, na Yona, ambaye sasa alikuwa amefahamu kwamba maneno yake yameleta balaa, alisema kwa huzuni lakini alisema. Usiku wa Ijumaa, Ukunda. Mjomba akamgeukia Salimu. "Wewe usiku wa Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Usiku wa Ijumaa nilikuwa Bodo, Mwalimu. Kwenye hitima. Wallahi."

"Nilikuwa naye," mjomba wake akasema. "Tuliketi mkeka mmoja."

"Mimi nilimwona," akasema Yona. "Mzee, naomba radhi, lakini nilimwona. Nimwambieje mtu kwamba sikumwona?"

Waliendelea hivyo, wakirudia maneno yale yale, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa mshangao wa kweli, kama watu wanaotafuta kitu kilichokuwa hapa sasa hivi. Kilichonivunja ni hoja ya mjomba wangu mwishoni, kwa sababu haikuwa ya kijinga. "Huyu," alimwambia mzee wa Bodo kwa heshima, "ni mwanao, na wewe huwezi kumtupa. Sikulaumu. Lakini Yona hana ndugu hapa, wala hapati kitu akisema hivi au vile. Nimwamini nani?" Mzee wa Bodo alisimama, akachukua bakora yake, akaaga kwa adabu iliyozidi hasira. Salimu alibaki amesimama kidogo, mdomo wazi, kama mwenye neno jingine. Hakulisema. Akaondoka.

Mjomba aliamua kwamba kila kitu kirudishwe Msambweni. Alinipa muda wa kulia, maana hakuwa mkatili, kisha akataja siku: Jumapili ya pili yake, asubuhi. Kanga na pete vifungwe. "Na mbuzi?" nikauliza. Alinitazama akatazama pembeni. "Na mbuzi," akasema. Nilimchukia mjomba kwa muda huo, nasema wazi, na nilimchukia Yona zaidi, na katikati ya chuki hizo mbili nilikuwa na jambo lililonitesa kuliko yote. Niliwaamini wote wawili. Nililala nikimwamini Salimu, nikaamka nikimwamini Yona. Nilijaribu kumfanya mmoja wao mwongo ili moyo utulie, hakuna aliyekubali kuwa mwongo.

Wiki ile ile Yona alipita, hakukaa barazani. Alikuja kwa mlango wa nyuma akiwa mnyonge, akamwambia Bi Riziki kwamba Mzungu wake atakuwa na wageni, na anaomba mikate ya kumimina, mikubwa, usiku wa Jumamosi atakuja kuichukua mwenyewe. Bi Riziki alikuwa bado amemnunia, lakini kazi ni kazi. Tukaloweka mchele, tukausaga, na nikakuna nazi kwa mbuzi ile ambayo ilikuwa imebakiwa na muda mchache nyumbani kwetu. Nilikuna polepole. Nyingine nilizikuna ambazo hazikuhitajika. Tukatia iliki na hamira nzuri, tukaacha iumuke, tukapika makaa juu na makaa chini, na mikate ikatoka mizuri mno, imepanda, uso wa dhahabu, nyumba nzima ikanukia. Ilipoingia magharibi tukaifunika, tukangoja. Yona hakuja. Tukasali isha, hakuja. "Mtu mkweli huyo," alisema Bi Riziki akifunua sahani na kufunika. "Mkweli! Neno lake liko wapi?" Wageni wa mjomba walipotoka msikitini aliwakatia mkate mmoja kwa hasira, wakaula kwa furaha. Kesho yake asubuhi majirani wakala wa pili, na mwingine ulikwenda chuo kwa watoto.

Jioni yake, adhana ya magharibi imekwisha, mimi nafunga kanga za posa kwenye bunda kwa ajili ya asubuhi, nikasikia hodi mlango wa nyuma. Alikuwa Yona, amevaa shati safi, kikapu mkononi, anatabasamu kwa woga. "Mama, shikamoo. Nimefuata mikate."

"Mikate gani?" Bi Riziki alikuwa ameinuka na mwiko.

"Mikate tuliyoagana, mama. Usiku wa Jumamosi."

"Usiku wa Jumamosi ulikuwa wapi? Tumekungoja mpaka macho yakatutoka!"

"Lakini ndiyo nimekuja, mama. Nimekuja usiku wa Jumamosi."

"Huu? Huu ni usiku wa Jumapili, wewe! Jua si limekwisha kutua?"

"Jumapili ni kesho, mama."

Mikono yangu ilikuwa kwenye fundo la bunda. Nakumbuka kwamba ilisimama kabla akili haijafika, kisha akili ikafika yote kwa pamoja. Msichana aliyeposwa, tena posa yenyewe imevunjika, hakutakiwa kujitokeza mbele ya mwanamume, lakini nilitoka mbio bila mtandio, nikamshika Yona mkono wa shati, nikamwambia, "Kaka Yona, leo usiku huu ni wa nini? Sema tena!" Alinitazama kwa hofu. "Wa Jumamosi," akasema. Nikapiga kelele nikimwita mjomba kwa jina la mama yangu na la bibi yangu, hata nikasikia vikombe vikianguka barazani.

Mjomba alikuja amebeba taa, akidhani nyumba inaungua. Nilimwambia amuulize Yona. Hakufahamu, lakini aliniona uso, akauliza. "Yona, huu ni usiku wa nini?"

"Wa Jumamosi, mzee."

"La. Huu ni usiku wa Jumapili."

"Jumapili ni kesho, mzee. Sisi siku ikianza na asubuhi, usiku wake ni ule unaofuata. Kwani ninyi..."

Mjomba aliweka taa chini. Kwetu, na mtoto mdogo ajua, siku huanza jua likitua. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jioni, ndio usiku wa Yasini, ndio usiku wa hitima, hatukuwahi kusikia kwamba una namna nyingine. Na Yona kwa Mzungu wake na misheni yake alizoea kwamba Ijumaa ni asubuhi yake kwanza, halafu mchana, halafu usiku. Saa za Wazungu tulijua zinapishana na zetu, tulizifanyia mzaha kila siku, wao saa sita sisi saa kumi na mbili, na kila mtu aligeuza kichwani bila shida. Kwa sababu saa zilipishana sana, zilionekana. Huu usiku mmoja hakuna aliyewahi kuuona, kwa kuwa jina lilikuwa moja. "Kwa hivyo wewe ulimwona Ijumaa, jua likishatua," mjomba akasema taratibu. "Baada ya sala yetu ya Ijumaa. Kesho yake ya hitima." Yona akatikisa kichwa kukubali. Mjomba akakaa kwenye kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mbuzi yangu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani analia, kumbe anacheka, na Bi Riziki naye, na Yona ambaye alikuwa amekosa mikate, na mimi nikalia kwa niaba ya wote.

Hapa Athumani aliacha mchele. "Si nilikwambia, Bibi! Wote wawili walikuwa sawa. Kila mtu na ukweli wake."

Nilimrushia chuya. Nikamwambia: babu yako alikuwa na miguu miwili, na miguu hiyo ilikuwa Bodo usiku ule, na Ukunda usiku uliofuata, na haikuwa pengine. Jua lilitua mara moja kwa Yona na kwetu sisi. Kama kila mtu angekuwa na ukweli wake, mjomba angebaki na wake, bunda lingekwenda Msambweni, na wewe usingekuwapo kunisumbua. Tuliokolewa kwa sababu ukweli ulikuwa mmoja, tukauliza mpaka tukaufikia. Hesabu za siku ndizo zilizokuwa mbili. Athumani alisema hilo ni jambo la kufikiria. Nikamwambia afikirie huku akichambua.

Jumapili asubuhi mjomba alikwenda Msambweni kama alivyoahidi, ila hakubeba bunda. Alikwenda kwa Salimu na kwa mjomba wake, akawaomba radhi mbele ya watu, mtu yule aliyewafundisha watoto wa watu wasikosee irabu. Salimu aliporudi naye Kinondo nilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Mjomba alimuuliza jambo ambalo nami nilitaka sana kulijua: kama alijua kwamba Yona alimwona kweli usiku uliofuata, mbona hakusema? Salimu akakohoa. "Mwalimu, niliulizwa usiku wa Ijumaa. Nikajibu usiku wa Ijumaa. Nilidhani Yona kakosea siku, na mimi nikisema kakosea siku, nakuwa nimejipeleka mwenyewe ngomani." Mjomba alicheka tena. "Na kofia?" akauliza. "Yona asema ilianguka."

"Haikuanguka," Salimu akasema haraka. "Hilo kakosea, Mwalimu. Kofia haikuanguka."

Tulioana baada ya Idi. Yona ndiye aliyesimamia pilau, na tarehe alitajiwa kwa namna zote mbili, akatakiwa kuirudia. Mjomba tangu hapo alikuwa na neno lake barazani, watu wakianza kubishana hukatiza: "Kwanza, mwahesabu kutoka wapi?" Nami ndipo nilipopata jina langu la pili. Naitwa Mwanahamisi kwa sababu nilizaliwa usiku wa Alhamisi, punde baada ya magharibi. Yona alihesabu kwa vidole, akafurahi sana. "Basi ulizaliwa Jumatano! Jina lako ni la uongo!" Akaniita Jumatano mpaka alipokufa. Na kila tulipokutana, Idi au Krismasi, yeye na Salimu walianza tena habari ya kofia. Ilianguka. Haikuanguka. Ilianguka, mwanamke mmoja akaiokota. Hakuna mwanamke aliyeokota kitu. Katika hilo nilikaa upande wa mume wangu, kama ipasavyo, maisha yangu yote. Ama ilianguka ama haikuanguka, hakuna hesabu ya siku iliyoweza kutupatanisha.

Sasa jibu la Daudi. "Yenu, Bibi," aliniambia, akicheka na kulia. "Alitutoka Alhamisi jioni, jua limeshatua. Baba alitufundisha tangu tukiwa wadogo, ukizungumza na watu wa Kinondo, waambie kwa Ijumaa yao." Nilipomwambia Salimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akaivaa, akasema nguo zetu zitayarishwe.

Tulikwenda kumzika kwao upande wa Kinango, penye vumbi jekundu na ng'ombe wakipita karibu na makaburi. Kulikuwa na kwaya na viti vya plastiki na watu wengi wa dini zote. Daudi alipopewa nafasi ya kueleza habari za babake alisimulia habari ya mikate na usiku wa Ijumaa, na ya seremala aliyecheza mpaka kofia ikaanguka, akasema babake hakuwahi kusema uongo maishani ila watu wa Kinondo walikataa kumwamini kwa jambo moja. Watu wakacheka, wakageuka kumtazama Salimu, mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kito, ameketi kando yangu na bakora yake. Akainuka. Nilidhani anakwenda msalani. Akasema anaomba kusema neno moja, wakamletea kipaza sauti, akakishika mbali kidogo na mdomo kama wazee wanavyofanya.

"Ilianguka," akasema.

Pale uwanjani palilipuka vicheko, hata kasisi, hata mjane. Mimi nilibaki nimemtazama, mwanamume niliyemtetea tangu nikiwa msichana. Yona alikuwa ameshafukiwa, hakusikia. Salimu alikuwa bado amesimama, kipaza sauti mkononi, machozi yanamtiririka, hajui amrudishie nani. Nikamvuta kanzu akaketi.